Rimu za Gari la Kaka Yangu

Nilizipaka rimu tatu za alumini kostiki ya kupikia sabuni, na nilifanya hivyo baada ya kusoma onyo. Hilo ndilo linaloniuma. Asiyejua kusoma ana kisingizio. Mimi nilimaliza sekondari. Onyo lilikuwa ubavuni mwa kopo, kwa maandishi mekundu: usiweke kwenye chombo cha alumini. Nikatii. Nikaikorogea kwenye ndoo ya plastiki, kwa kijiti, taratibu, nikajisifu kwa uangalifu wangu. Kisha nikachukua brashi, nikaipaka juu ya alumini.

Mimi ni mtu wa ndani. Natengeneza pasi, feni na redio za watu hapa nyumbani Rwezamenyo, kwenye meza iliyo mlangoni, na siku nikionekana Gitega, mtaa wa jirani tu, watu huniuliza nimefiwa na nani. Gari lililoko uani kwangu si langu. Ni la kaka yangu mkubwa. Alipofariki, mjane wake hakuwa na mahali pa kuliweka, likaletwa hapa. Tangu hapo, kila Ijumaa naliwasha, naliendesha hadi mwisho wa mtaa, nageuza, narudi. “Safari njema,” majirani huniambia nikiwa natoka. “Karibu tena,” huniambia nikirudi, dakika nne baadaye.

Basi wiki ya harusi ya binti wa marehemu, binti mwenyewe alikuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasogeza feni ya watu iliyokuwa imefumuliwa, akasema, “Baba mdogo, mama anataka kukodi gari jeupe, lile refu. Mimi sitaki. Nataka nitoke nyumbani kwa gari la baba.”

“Litakuwa tayari,” nikasema.

“Linatembea kweli?”

“Kila Ijumaa.”

“Hadi wapi?”

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Hakunywa. Alikuwa amekuja kwa jambo moja. Mama yake alikuwa amekubali kwa sharti: angepita Ijumaa jioni kulitazama gari, na akiona doa lolote, analipia la kukodi palepale, hataki kuchekwa na wakwe. “Nakutegemea, Baba mdogo,” binti akasema. Kisha akaondoka, na mimi nikabaki nikilizunguka gari kama mtu anayetaka kulinunua.

Bodi haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa chini. Rimu zilikuwa za alumini, zile za mikono mitano ambazo kaka alizipenda kuliko injini, lakini vanishi yake ilikuwa imechoka: huku imefanya unjano, huku imebanduka vipande vipande kama rangi ya kucha ya wiki iliyopita. Nikaamua kuibandua yote, halafu nising'arishe nusunusu, ning'arishe mpaka mtu ajione meno.

Fundi yeyote angenunua dawa ya kubandua rangi. Lakini dawa inauzwa sokoni Nyabugogo, na Nyabugogo kuna watu.

Jirani yangu wa chini, mama mmoja mjane, hupika sabuni za vipande na kuziuza. Nyumba zetu zimepangwa kwenye mteremko kama ngazi. Ua wake uko chini ya ukuta wangu, na kinachomwagika kwangu humfikia yeye kabla mimi sijajua nimekimwaga. Nilijua ana kostiki. Nilijua pia kwamba kostiki inababua ngozi, na nikafikiri, kwa akili ile ile iliyonipa cheti, kwamba kinachobabua ngozi ya mtu kitababua na ngozi ya rimu. Nikashuka kumwomba kopo moja. Nikamwambia bomba la jikoni limeziba. Niliona haya kumwambia mama wa watu kwamba mwanamume mzima anataka kurembesha magurudumu.

Ilikuwa Jumatano. Mke wangu alikuwa ameshahamia kwa shemeji, mama wa bibi harusi, kuchambua mchele, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunizuia. Nikaliinua gari kwa jeki upande mmoja, nikalikalisha juu ya matofali, nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, nikayalaza magurudumu chini. Kopo lilitosha rimu tatu. Nikaziona zinaanza kutoa mapovu, nikafurahi, nikaingia ndani kupika chai.

Nikiwa jikoni nilisikia maji yanachemka. Nikasema, birika langu leo lina haraka. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikatoka mbio. Rimu zilikuwa zinachemka zenyewe, bila moto, zinatoa mvuke. Niliporusha maji ya kwanza, vanishi ilitoka. Niseme ukweli, ilitoka yote, safi kabisa, hakuna dawa ya dukani ambayo ingeitoa vile. Ila alumini iliyokuwa chini yake ilikuwa imegeuka nyeusi kama sufuria ya maharage ya shule ya bweni. Nikamwaga maji mengine. Nikamwaga tena.

Sauti ikapanda kutoka nyuma ya ukuta. “Wewe mzee wa ndani! Hii maji nyeusi inatoka wapi?”

“Ni bomba, Mama!”

“Bomba gani inatoa moshi?”

Akapanda kuja kuona. Anatembea polepole, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafuta maelezo, na sikuyapata. Alisimama juu ya rimu zangu tatu, mikono kiunoni.

“Yewe,” akasema. “Sasa hii ndiyo bomba?”

“Nilitaka kubandua vanishi.”

“Kostiki inakula alumini. Mimi hata mwiko ya alumini siweki karibu ya ndoo yangu. Kila mtu anajua.”

“Hukuniambia, Mama.”

“Ningekuambia nini? Uliniambia bomba! Bomba yako ni plastiki!” Akatazama mikono yangu. “Na glovu iko wapi? Kwenda kuosha, haraka. Rimu utapata ingine. Vidole hapana.”

Nikaosha. Yeye akashuka kwake, na aliporudi alikuwa na glovu ndefu za mpira na chupa ya siki. Akaniamuru nisuuze rimu mpaka nichoke, ndipo nizifute kwa siki. Weusi ulipungua kidogo, ukawa kijivu, lakini kilikuwa kijivu cha huzuni. “Ni gari ya nani hii unaharibu?” akauliza. Nikamweleza habari ya binti na sharti la mama yake. Akafunika chupa ya siki, akaniachia glovu, akashuka kwake.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Nyabugogo. Sitaeleza sana. Nilisimama mbele ya duka la vipuri huku watu wa mizigo wakinipita kulia na kushoto, nikamwonyesha muuzaji picha kwenye simu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akamwita mwenzake naye aje kutazama.

“Gari iliungua?” akauliza mwenzake.

“Hapana. Niliiosha.”

Wakatazamana. Muuzaji akanipa msasa wa aina tatu, ule mkali, wa kati na laini, na kopo dogo la dawa ya kung'arishia. Akanieleza kama anavyoelezwa mgonjwa: anza na mkali, lowesha maji, usiharakishe; ukihama kwenda laini kabla ya wakati, mikwaruzo itakucheka. Dawa ya kung'arisha mwisho, kwa kitambaa cha pamba. “Na kitambaa kikiwa cheusi usiogope, Mzee,” akasema. “Huo weusi ndiyo kazi yenyewe.” Nilimwambia kwamba mimi na weusi tumeshazoeana.

Rimu moja ina mikono mitano. Kila mkono una mgongo, mbavu mbili na kwapa ambamo kidole kimoja tu kinaingia, tena kwa kubembeleza. Alhamisi nzima nilisugua rimu moja. Msasa mkali uliondoa kijivu, wa kati ukaondoa alama za mkali, laini ukaondoa alama za wa kati, na mgongo wangu ukaweka alama za wote watatu. Jioni nilipopaka dawa na kufuta kwa fulana yangu ya zamani, uso wangu ukatokea kwenye alumini. Haukuwa uso wa kupendeza, lakini ulikuwa wangu.

Ijumaa nikamaliza ya pili. Ilipofika saa kumi jioni nilipiga hesabu: rimu mbili zinawaka kama vioo, moja ni kijivu cheusi cha jiko, na ile ya nne ambayo kostiki haikuifikia bado ilikuwa na vanishi yake ya njano. Shemeji angefika muda wowote. Binti alikuwa amesema ananitegemea.

Hapo nilitumia akili, na ningekuwa nimeitumia Jumatano nisingekuwa na habari ya kuandika. Dereva hukaa kushoto. Bibi harusi hushukia kulia. Wageni husimama anakoshukia bibi harusi. Nikafunga rimu mbili nzuri upande wa kulia, mbaya zote mbili upande wangu wa kushoto, kisha nikaliegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa umegusana na ukuta, kiasi kwamba ilibidi nitokee mlango wa abiria.

Shemeji alifika na mkoba wake kwapani. Alipitisha kidole kwenye boneti. Akainama akatazama rimu ya mbele, akaona kilemba chake ndani yake, akakirekebisha.

“Umefanya mwenyewe?” akauliza.

“Mwenyewe.”

“Marehemu angeshangaa.” Akajaribu kuzunguka, akakutana na ukuta. “Na huku?”

“Huku ni vilevile, shemeji.”

Mungu anisamehe. Akasema, “Haya. Kesho saa nane. Usichelewe.” Sidhani aliniamini. Nadhani alikuwa amechoka na mchele.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mitaa, kwa hiyo asubuhi hakuna gari lililotembea, na mtaa mzima ulikuwa nje na majembe ukizibua mfereji unaopita mlangoni kwangu. Nilitamani iwe mtaa mwingine. Nilikuwa nimelisogeza gari kutoka ukutani ili niifikie rimu nyeusi, na kila aliyefika usawa wa lango langu aliegemea jembe lake na kutoa maoni. Mmoja alisema gari limevaa soksi tofauti. Mwingine akataka kujua kama hiyo nyeusi ni ya msiba na zile nyingine za harusi. Jirani wa chini alikuwa anafagia. Nilijaribu kuisugua ile nyeusi dakika za mwisho, nikafanikiwa kuing'arisha sehemu ndogo yenye ukubwa wa sahani ya chai, na sehemu hiyo ikafanya palipobaki paonekane peusi zaidi.

Saa nane kamili nilikuwa kwa shemeji, upande wa kulia ukitazama mlango. Binti alitoka amevaa nguo nyeupe inayoburutika, akaketi nyuma na mama yake, akashusha pumzi.  Mara moja tu njiani nilimwona kwenye kioo akipapasa kitambaa cha kiti, pale mbele yake, nyuma ya kiti cha dereva, ambapo kaka alikuwa akiegemea.

Ukumbini nilikuwa nimeshapanga kila kitu: naingia kwa mbele, nasimama, kulia kwangu kuna zulia na wageni na mpiga picha. Mlinzi wa maegesho akanisimamisha. Alikuwa na filimbi na kizibao kinachong'aa.

“Mzee, rudisha nyuma. Hapa magari yote yanatazama nje.”

“Nimebeba bibi harusi.”

“Na yeye atatazama nje.”

Nilijaribu kubishana, akapuliza filimbi. Kwa mji huu, mwenye filimbi ameshinda. Nikageuza. Gari likasimama vizuri sana, limenyooka, ubavu wangu wa kushoto ukiwatazama wageni wote, na rimu mbili za vioo zikitazama tangi la maji.

Binti akafungua mlango wa kushoto. Rimu nyeusi ilikuwa hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye ile nguo nyeupe, na mimi nilijua bado inatoa masizi. Asubuhi ilikuwa imenipaka hadi kwenye kiwiko. Nikaruka nje, nikasimama mbele ya rimu miguu pamoja kama askari wa lango.

“Baba mdogo,” akasema, mguu mmoja chini, “mbona umesimama hapo?”

“Nakukinga na jua.”

Jua lilikuwa upande wa pili. Akainama, akachungulia kando ya miguu yangu, akaiona. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na nyuma yake mama yake akauliza kuna nini.

“Sogea,” akaniambia, akikunja nguo yake mikononi mpaka magotini. “Nataka picha na gari la baba. Gari zima, na miguu yake yote.”

Nikasogea. Mpiga picha akapiga. Kwenye picha hiyo, ambayo sasa iko ukutani kwa shemeji, binti ameegemea mlango anacheka na macho yake yamelowa, rimu nyeusi iko wazi kabisa chini ya mkono wake, na ukingoni kuna kiwiko cha mtu.

Jumapili asubuhi nilianza kuisugua ile ya tatu, kwa heshima tu. Jirani wa chini, ambaye naye alikuwa amealikwa, akapanda kuchukua glovu zake. Nikamwomba aniambie ukweli: watu walisema nini juu ya rimu? Akazikung'uta glovu, akazitazama kidole kwa kidole kuona kama vyote kumi vipo, akasema:

“Rimu gani? Kuna gari inatembea bila rimu? Sisi wote tulikuwa tunaangalia mtoto anashuka kwa gari ya baba yake, wewe peke yako ndiyo ulikuwa unaangalia matairi.”