Chatu Niliyemwita Sultani

Hiki ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, si shemeji wa rafiki wa mtu. Kilinipata mchana, saa saba na ushee, siku ya Ijumaa, mjini Kasulu, na tumboni sikuwa na kitu zaidi ya uji wa asubuhi. Nasema mchana kwa sababu nawajua watu wangu: ukisimulia jambo la ajabu, wanauliza kwanza kama kulikuwa na giza. Giza halikuwepo. Kulikuwa na mvua tu, na mvua sisi tumezaliwa nayo.

Tena mimi si mtu wa kubabaishwa na nyoka. Miaka tisa nilifanya kazi kwenye bustani ya nyoka huko kaskazini, nikiosha vizimba, nikilisha, nikiwaonyesha wageni swila bila mkono kutetemeka. Nilipowachoka, au waliponichoka, nikarudi kwetu Rungwe Mpya kulima maharage. Watu wakaniita Bwana Nyoka. Sikulikataa jina, nani anakataa sifa ya bure?

Basi mwaka 2012 akaja kijana wa pikipiki na ujumbe kutoka kwa Mzee Shabani, muuza vitambaa wa Kasulu, mtu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Mwanawe wa pekee, Idi, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alikuja likizo akiwa na nyoka ndani ya mfuko wa kitambaa: mwembamba, manjano kama ndizi mbivu. Chatu wa miti kutoka visiwa vya mbali huko, mashariki kabisa. Idi akamtengenezea kabati la vioo kwenye stoo nyuma ya duka, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Baba akabaki na nyoka, hajui hata anakula nini.

Nilifika nimetunisha kifua. Nikamwinua pamoja na tawi lake, kwa sababu chatu wa aina hii hapendi kubanduliwa anapokaa, nikamwangalia chini ya mkia kwa mwanga wa dirisha dogo. Nikaona vijikucha viwili, alama ya dume nilivyofundishwa. Nikatangaza mbele ya baba mwenye nyumba, "Dume huyu. Tutamwita Sultani."

Mzee Shabani alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Kisha akaufunga. Akasema tu, "Wewe ndiye mtaalamu, bwana." Kumbuka hapo.

Nikaajiriwa. Na niamini, niliifanya kazi vizuri. Kasulu ni juu, baridi yake unaijua, kwa hiyo niliweka taa upande mmoja wa kabati, na jenereta ikizimwa nilisogeza jiko la mkaa nje ya kioo. Nilifuga panya weupe kwa ajili ya chakula chake. Asubuhi nilimnyunyizia maji, naye alikunywa matone yaliyonasa kwenye mikunjo ya mwili wake mwenyewe. Kutwa alikaa amejizungusha juu ya tawi, kichwa katikati, hatikisiki. Majirani walidhani amekufa. Nikawaambia amelala, anaamka usiku. Mara wakamwona anachezesha ncha ya mkia kama mnyoo, wakasema anaita mashetani. Nikawaambia anamwita panya. Walikuwa hawajamaliza kunicheka alipoanza kubadilika rangi, madoa ya kijani yakaingia kwenye manjano, na baada ya miezi kadhaa akawa kijani mwili mzima. Soko zima likasema Mzee Shabani anafuga pepo. Mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa akipanga chupa zake mbele ya duka, akahama kabisa. Nikamfuata nikamweleza kwamba nyoka hawa huzaliwa na rangi moja na kukua na nyingine, kama kifaranga na kuku.

"Isato wa kwetu habadiliki," akanijibu. Isato ndilo jina la chatu kwa Kiha.

"Wa kwenu ni wa kwenu," nikasema. Nikaondoka nikitembea kwa madaha. Kila walipoona muujiza mimi nilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mwaka uliofuata Idi alichukuliwa na wimbi usiku, katikati ya bahari. Mwili haukupatikana. Khitma ilisomwa, watu wakala pilau, wakaenda zao. Mzee Shabani akaanza kuja stoo kila alasiri. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo, tasbihi mkononi. Siku moja akaniambia, "Bwana Nyoka, mimi sina kaburi la kusomea dua. Nina huyu tu, ndiye aliyeshikwa na mikono ya mwanangu. Usiniulie." Nikamwahidi.

Sasa njoo mwaka 2014, mvua za Novemba. Sultani akaacha kula. Panya alimpita puani, hakujali. Nikasema anataka kujivua gamba. Hakujivua. Akaanza kulala ubavu, tumbo limegeukia taa. Nikasema ni baridi, nikaongeza mkaa. Kijani chake kikaanza kufifia, kikaingia rangi ya buluu, buluu ya kanga mpya, kuanzia mgongoni. Hapo, kwa mara ya kwanza, sikuwa na jibu. Lakini je, nilisema sijui? Thubutu! Nikasema ni damu, nikaongeza mkaa tena. Akashuka kwenye tawi, akawa anazunguka sakafuni mwa kabati, anasugua pua kwenye kila kona mpaka ikachubuka. Nyoka wa miti anayekaa chini ana shida kubwa, hilo nililijua. Sikujua shida gani, na kila alasiri Mzee aliponiuliza, nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Ijumaa ile Mzee alifunga duka akaenda msikitini. Nikabaki peke yangu stoo. Mvua inapiga bati, mlango wa uani nimeuacha wazi ili nipate mwanga. Kabati lilikuwa na kufuli, ufunguo shingoni mwangu. Nilikuwa nimechuchumaa nikichochea jiko, nikahisi mtu mlangoni.

Mwanamke. Mrefu, mwembamba, kanga mbili za buluu, moja kichwani. Ametoka kwenye mvua ile na hakuwa na tone hata moja. Hilo nililiona, naapa nililiona, lakini nilijipa jibu haraka kama kawaida yangu: amejikinga kibarazani. Macho yake yalikuwa na ukungu wa buluu. Nikasema moyoni ni mtoto wa jicho huyo, na bila shaka ni mkimbizi kutoka kambini Nyarugusu, amekuja kuomba kitambaa.

Sisi Waha hatuachi salamu, hata nyumba ikiungua. Nikasimama, nikainama kidogo, nikapiga makofi ya salamu. "Mwidiwe!"

Alinitazama mikono. Kisha akainama kama nilivyoinama, akapiga makofi kama nilivyopiga, taratibu, kama mtoto anayefundishwa. Viganja vyake vilikutana mara tatu. Havikutoa sauti. Nilisikia mvua, nikasikia mkaa ukipasuka, makofi sikuyasikia.

Na kwa kuwa salamu haiishi bila kushikana, nikamshika mikono yote miwili juu ya kiwiko. Ndugu yangu, nilishika ubaridi! Si baridi ya mtu aliyenyeshewa. Baridi kavu, na ngozi ikateleza chini ya vidole vyangu kama soksi iliyolegea. Ngozi ile nimeishika miaka tisa. Mikono yangu iliitambua kabla ya kichwa. Kichwa kilikataa.

Nikamsogezea kigoda cha Mzee. Akakaa, akajikunja, magoti kifuani, mikono imezunguka magoti, kichwa akakilaza katikati. Kutoka huko ndani akasema, pole pole, Kiswahili kisicho cha pwani wala cha kwetu wala cha kambini:

"Nataka pa kuzalia."

Nikapumua. Kumbe mjamzito tu! Nikarudia sauti yangu ya kitaalamu. "Hospitali ipo, mama. Utoke hapa ushike barabara kubwa, si mbali. Mvua ikipungua nitakutafutia pikipiki."

"Pasiwe na mwanga," akasema. "Pasiwe na macho ya watu. Pawe na unyevu. Moto wako unanikausha."

"Nisogeze jiko?"

Akainua kichwa. Ulimi wake ulitoka kidogo, ukarudi. "Umewaambia watu mimi ni dume."

Jamani. Umewahi kuhisi nywele za mikononi zinasimama moja moja? Nikageuza macho kwenye kabati. Kufuli lipo. Tawi lipo. Bakuli la maji lipo. Nyoka hayupo. Nikashika kifua, ufunguo upo.

"Sultani si jina langu," akasema. "Jina langu muulize mzee. Yeye analijua."

Ningeweza kukimbia, na sitakudanganya, miguu iliomba ruhusa. Lakini nilikumbuka ahadi yangu, "usiniulie", nikaona aibu kuliko hofu. Nikatoka kwenye mvua mbio mpaka kwenye migomba ya uani, nikakata majani mabichi na magome ya mgomba yaliyolowa. Nikachukua chungu kikubwa kilichopasuka mdomo, kilichokuwa kimeegemea ukuta wa jikoni. Niliporudi kigoda kilikuwa kitupu. Nilikigusa, kilikuwa baridi. Ndani ya kabati, nyuma ya kufuli langu, nyoka wa buluu alikuwa amejikunja sakafuni, pua imechubuka, ananitazama.

Ufunguo ulikosa tundu mara mbili, mimi Bwana Nyoka, ndipo nikafungua. Nikalaza chungu ubavu, nikakijaza magome yenye maji, nikaondoa jiko, nikafunika vioo vyote kwa doti za kitenge kutoka dukani. Kabla sijashusha kitenge cha mwisho nilimwona anaingia chunguni, polepole, mpaka ncha ya mkia.

Mzee Shabani alirudi kutoka swala akanikuta nimekaa kwenye maji ya uani, mvua inaninyeshea. Nikamuuliza swali moja tu. "Mzee, Idi alimwitaje huyu nyoka?"

Uso wake ulibadilika. Akashika nguzo ya kibaraza. "Rehema," akasema. "Jina la marehemu mama yake. Aliniambia, baba, huyu ni jike, nimemuuliza aliyeniuzia, nimemwita Rehema. Wewe ulipokuja ukasema ni dume, nikaona aibu. Nikasema mwanangu baharia atajua nini mbele ya mtaalamu? Nikanyamaza. Miaka miwili namwita mwanangu mwongo."

Nikamsimulia yote. Hakunicheka wala hakuniita mwehu. Aliuliza kitu kimoja. "Alikuwa na hasira?"

"Hapana, Mzee. Alikuwa amechoka."

Mzee akaingia stoo. Hakufunua kitenge. Alikaa kwenye kigoda kile na kuita kwa sauti ya chini, "Rehema. Rehema. Nisamehe, na Idi anisamehe." Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku ya khitma. Mimi nilisimama mlangoni nikalia pia, na sioni haya kukuambia.

Baada ya siku tatu nilichungulia kwa ruhusa yake. Mayai kumi na moja, na mama amejizungusha juu yake. Yalikuwa mayai yasiyo na dume, hayakuanguliwa, na hilo ni jambo la kawaida, hata kuku hutaga bila jogoo. Vile vijikucha hata majike wanavyo. Buluu pia ni jambo la kawaida, siku hizi nimejua, majike wengine huingia rangi ile wanapobeba mayai. Kuacha kula, kulala ubavu, kutafuta kona yenye giza, yote ni dalili za jike anayetaka kutaga, na angekosa mahali yangemfia tumboni, naye angekufa nayo. Unaona? Kila kitu kina maelezo. Nimeyapata yote. Yule mwanamke tu ndiye sijampatia maelezo, na nimeacha kumtafutia.

Rehema alirudi kuwa kijani, isipokuwa mstari mwembamba wa buluu mgongoni. Mzee alipohamia kwa nduguze pwani mwaka 2015 alimchukua, amempakata mapajani kwenye basi ndani ya mfuko wa kitambaa, kama Idi alivyomleta. Mimi nikahamia huku Busunzu, upande wa Kibondo, nina ng'ombe wangu wanne. Lakini tazama viganja vyangu. Usiogope, tazama. Kila baada ya miezi michache ngozi inalegea, inatoka nzima kama glavu, bila maumivu. Mganga wa zahanati amenipa mafuta mara tatu. Mafuta yamekwisha, ngozi inatoka. Ikianza najua kwamba huko pwani Rehema naye anajivua, na yuko hai. Huwa nafurahi, nampigia Mzee simu kumwambia anajivua, kabla yeye hajaniambia. Hajawahi kunikanusha.

Basi nikuonye, wewe unayefuga chochote, mbuzi, njiwa, paka, nyoka. Usimtangaze kabla hujamwangalia vizuri, na aliyemjua kabla yako akifungua mdomo, nyamaza usikie. Watu bado wananiletea wanyama, wananiuliza dume au jike. Huwa namgeukia kwanza mwenye mnyama, namuuliza yeye anasemaje. Na siku mgeni akikupigia makofi ya salamu na viganja vyake visitoe sauti, usikimbie, na usimwelekeze hospitali. Muulize anaitwa nani.