Sahihi Niliyoona Haya Kuiomba

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kupeleka barua na kurudi na sahihi. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, kwa sababu kupeleka barua hata mwehu anaweza. Nilikuwa karani wa masjala katika kiwanda cha mablanketi mjini Thika, na kwapani nilibeba daftari jeusi la delivari: tarehe, barua ya nini, inakwenda kwa nani, na mwishoni nafasi ya aliyepokea kutia sahihi au kugonga mhuri. Nilikuwa mkali. Kuna meneja mmoja wa benki niliyemsimamia mlangoni, chakula chake kikapoa, mpaka akatia sahihi. Mabawabu wa mji mzima walinitania kwamba hata nikipewa maji ya kunywa nitampa mtu daftari kwanza. Niliupenda sana utani huo.

Mama alifanya kazi kiwanda hicho hicho, kwenye mashine za kufuma. Alikuwa huko miaka kumi na tisa. Alipofiwa na mume alibaki na shamba kavu la Gatuanyaga, mbuzi kadhaa na watoto wawili, na mshahara wa kufuma ndio uliotusomesha mimi na ndugu yangu. Mimi mwenyewe niliingia kazini kwa mgongo wake. Alimfuata msimamizi wake siku baada ya siku mpaka yule bwana akachoka, akaniandika.

Mablanketi yetu mengi wakati huo yalikwenda Uganda. Mali inayouzwa nje haitozwi VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ambayo bado ilikuwa ngeni kwetu miaka hiyo ya tisini. Kwa hiyo kodi ambayo kiwanda kilikuwa kimelipa kilipokuwa kikinunua nyuzi na rangi, serikali ilitakiwa kuirudisha, mradi tuidai ndani ya mwaka mmoja tangu mali iuzwe. Na tuliihitaji vibaya sana. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, watu wakinunua blanketi la nje lililotumika kwa bei ya kutupa, na letu jipya linashika vumbi dukani. Mwenye kiwanda alituita wote uani akatuambia bila kuzunguka: kodi ikirudi, atalipa deni la nyuzi na mashine ziendelee, isiporudi, atafunga. Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, vumbi la nyuzi kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alinitazama akatikisa kichwa polepole, kama anayeniambia nisiogope.

Hati zenye mihuri ya mpakani, za kuthibitisha kwamba mali ilivuka, zilichelewa kutufikia. Mhasibu alikamilisha dai Alhamisi jioni, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ile alinikabidhi bahasha ya kaki iliyovimba, akanishika mkono.

"Leo," akasema. "Si kesho."

Nilimwambia asinifundishe kazi.

Hapa lazima niingize habari ya ndoa, maana ndiko tulikopotelea. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa Ruiru, kwenye nyumba ya mawe yenye ua wa kaiyaba, nikimposea ndugu yangu mke. Baba yetu alikuwa marehemu, kwa hiyo mimi mkubwa ndiye niliyekuwa msemaji. Tulipeleka mbuzi wa Mama na kreti za soda, tukatozwa faini kwa kuchelewa dakika ishirini, tukalipa tukicheka kama desturi inavyotaka. Baba wa msichana ndiye aliyetaja faini hiyo, huku akitazama saa yake ya mkononi. Kwetu Wakikuyu mtu huyo ni muthoni, mkwe wa kuheshimiwa kuliko wote, naye hukuita wewe vivyo hivyo. Humkatizi, humbishii, humdai kitu. Neno lake likitoka limetosha, na kumtaka athibitishe ni kumwita mwongo usoni. Nililelewa hivyo. Mama alikuwa akitukumbusha hata njiani, tukiwa na mbuzi.

Nilijua muthoni ni mtu wa serikali, ofisi ya kodi, Nairobi. Sikujua kwamba wiki ile ile alikuwa amehamishiwa Thika.

Nilifika kaunta nikakuta foleni. Nilikuwa nimeshafungua daftari na kuandika tarehe niliposikia sauti kutoka chumba cha ndani.

"Ai, muthoni! Wewe ndiye unasimama kwa laini kama mtu hana watu? Ingia hapa!"

Niliingia. Akainuka kunisalimu kwa mikono miwili, akaagiza chai na mandazi, akauliza hali ya Mama, akasifu wale mbuzi. Nilikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama nilivyokaa kwake Jumamosi. Nilipoona chai inafika nusu nikajikaza.

"Mzee, nimeleta barua ya kiwanda. Dai la VAT. Mwisho wake ni leo."

"Weka hapo," akasema, akigusa meza. "Hiyo nitaingiza mimi mwenyewe. Usikuwe na wasiwasi."

Niliiweka. Gazeti lake lilikuwa wazi mezani, na alipolikunja kunipisha nafasi ya sahani ya mandazi, bahasha ikawa chini yake. Nikafungua daftari juu ya mapaja. Nikatoa kalamu. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu: nilitoa kalamu, nikaifungua, nikaielekeza kwake.

Aliitazama. "Na hiyo ni ya nini?"

"Ni kitabu tu, mzee."

"Kunywa chai, muthoni. Inapoa."

Nikafunga daftari. Nikanywa chai. Mimi niliyemsimamisha meneja wa benki, nilimeza chai ya ofisi ya kodi mpaka majani ya chini, nikashukuru, nikatoka kinyumenyume ili nisimpe mgongo. Mhasibu aliponiuliza kama nimefikisha, nilimwambia nimefikisha, na haukuwa uongo. Hakuomba kuona daftari. Nani angelikagua daftari langu?

Majibu yalikuja baada ya miezi minane. Dai limekataliwa kwa kuwa limechelewa. Juu ya nakala waliyoturudishia palikuwa na mhuri wa kupokelewa, wa wiki tano baada ya ile Ijumaa. Yule aliyetutoza faini kwa dakika ishirini alikuwa ameikalia bahasha yetu kwa wiki tano.

Jumapili nikaenda Ruiru. Alinipokea sebuleni, akanisikiliza hadi mwisho, na lazima nikiri kwamba hakukana.

"Ile kitu iliingiana na magazeti," akasema. "Nilikuja kuiona nikitafuta karatasi zingine. Nikaipiga stampu hiyo siku niliiona. Sasa ningeandika tarehe ya uongo?"

"Lakini nilikuletea Ijumaa, mzee."

"Ulileta. Sikatai. Nimebakisha miaka miwili nistaafu. Sikuombi chochote, muthoni. Wewe ni mtu mzima, na uko na ndugu."

Wakati huo binti yake akaingia na chupa ya chai. Alikuwa ameshaolewa na ndugu yangu na alikuwa amekuja kupumzika kwao, tumbo limekuwa kubwa. Akaniita baba mkubwa wa mtoto, akacheka. Nilinywa chai tena. Nimekunywa chai nyingi sana ya mtu huyo.

Mwenye kiwanda alikwenda mahakamani Nairobi. Wakili wake aliniuliza mapema nilimpa nani ile barua. Nilisema nilimwachia mtu wa kaunta ambaye sikumjua. Aliniuliza mara tatu, na mara tatu nikarudia hayo hayo, na kila mara uongo ulizidi kulainika mdomoni. Najua watu watakaosema nilikuwa nikimlinda ndugu yangu na mtoto aliyekuwa karibu kuzaliwa. Nilijiambia hivyo pia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiona haya, haya zile zile za mandazi, na sikuwahi kuzitoka.

Siku ya ushahidi nilikula kiapo nikiwa na tai ya kuazima. Wakili wa serikali, kijana mwenye sauti ya upole, alilifungua daftari langu mbele ya jaji. Akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mhuri, sahihi, mhuri, sahihi.

"Miaka saba," akasema. "Sijaona nafasi iliyoachwa wazi. Hata barua ya kuomba fundi wa choo imetiwa sahihi. Isipokuwa hii moja. Kwa nini?"

Mwenye kiwanda alikuwa ameinama mbele, mikono ikiwa imefumbatana. Nyuma yake alikaa mhasibu. Maneno yote nilikuwa nayo. Yangeniponza labda, yangemponza muthoni hakika, na mashine zingeendelea, au walau jaji angepata kitu cha kupima.

"Nilisahau," nikasema.

Hukumu ilisomwa miezi kadhaa baadaye na haikuchukua muda mrefu kuliko ile chai. Jaji alisema sheria imetoa mwaka mmoja na mahakama haina uwezo wa kuurefusha. Alisema mhuri wa ofisi unaonyesha siku barua ilipopokelewa, na kilichowekwa dhidi ya mhuri huo ni neno la karani. Na karani huyo, kwa kinywa chake mwenyewe, alisahau jambo ambalo ndilo kazi yake yote. Mahakama haiwezi kujua ni nini kingine alichosahau siku hiyo. Dai likatupiliwa mbali na kiwanda kikaamriwa kulipa gharama za kesi. Sina kinyongo na jaji. Aliamua kwa kile nilichompa.

Mwenye kiwanda hakunitukana. Alinipita kwenye ngazi za mahakama akitafuta miwani yake mfukoni, na miwani ilikuwa usoni.

Alifunga kabla ya Krismasi. Malori yalikuja kuchukua mashine kama vyuma chakavu, watu wakizivunja kwa nyundo ili ziingie. Pesa za kuwalipa wafanyakazi hazikupatikana, kwa hiyo stoo ikafunguliwa na kila mtu akapewa mablanketi kulingana na miaka yake. Mama alipata kumi na mawili, ya kijivu yenye mstari mwekundu. Nilimsaidia kuyafunga kwa kamba ya katani. Getini wanawake waliofanya naye kazi walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao wakisubiri gari, na nilipopita wakanyamaza wote.

Tulipofika Gatuanyaga aliyapanga juu ya kitanda, akakaa kando yake.

"Ni kweli ulisahau?" akaniuliza.

"Ndio, Mama."

"Wewe? Wewe unaomba mtu sahihi akikupatia maji?"

Nilikunja kamba ya katani. Akainuka kwenda kuwafungia mbuzi. Hakuniuliza tena. Ningetamani angenipiga kofi.

Mwaka uliofuata tuliitwa Ruiru kumalizia yaliyobaki ya mahari. Kati ya vitu vinavyodaiwa kuna blanketi la baba wa msichana, nalo lilikuwa bado. Nilitaka kununua jipya mjini, ingawa nilikuwa sina kazi, nauza mayai ya kuchemsha karibu na stendi. Mama alikataa.

"Blanketi ziko," akasema. "Utanunua nini na ziko?"

Kwa hiyo tulikwenda nalo. Muthoni alikuwa amestaafu, amenenepa kidogo, mjukuu ameshika suruali yake. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji kama kawaida. Nilisema maneno yote yanayotakiwa, kwamba tumekuja kumfunika mzee wetu asipatwe na baridi, na wanawake wakapiga vigelegele, na Mama akalifungua blanketi na kumvika mabegani. Jua lilikuwa kali. Alilishikashika kwa vidole vya mkono mmoja, kama mtu anayejua mali.

"Hii ni ile ya kabisa," akasema. "Siku hizi hazipatikani. Mlinunua wapi?"

Mama alinitangulia kujibu. "Sikununua. Hiyo ni mshahara yangu."

Watu wakacheka. Walidhani anatania, maana wanawake wa Gatuanyaga wanajulikana kwa utani, na siku za mahari watu hutaniana. Muthoni alicheka pia, akalivuta blanketi vizuri mabegani, akanitazama mimi kama msemaji, akingoja nicheke naye.

Nikacheka. Mama alikuwa bado ameshika ncha ya blanketi, hacheki, ananitazama mdomo.