Ruhusa ya Kusoma Tu

Siku Papa, baba yetu, alipofariki Bukavu, Kongo, mimi nilikuwa mtaa wa Area 47, Lilongwe, kazini. Kampuni ndogo iliyoniajiri ina mfumo ambao maduka ya dawa huagizia dawa. Mfumo wenyewe haukai ofisini. Uko kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo nchi ya mbali. Ulikuwa ukizimika ovyo, hakuna aliyejua kwa nini. Bosi wangu, Mmalawi mpole, akapata programu ya kuchunguza hitilafu, akanipa niiunganishe na wingu.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, aliponipigia kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, anakoshona nguo.

"Papa alishatutoka," akasema. "Banasema alilala tu, asubui hakuamuka."

"Njo hivyo?" nikauliza, yaani ndivyo ilivyo.

"Njo hivyo. Kingine mi sijui. Rezo ya simu ilikata."

"Sawa, yaya. Niko nakuja."

Nikaweka simu mezani, lakini sikuinuka. Programu ilikuwa inauliza iruhusiwe nini. Nikaipa ruhusa ya kusoma, ile ya kubadilisha nikaikatalia. Nikanakili ufunguo wa siri wa kuingilia wingu, nikaubandika, nikasubiri. Baadaye jibu likaja: kila ripoti kubwa ilipotengenezwa, kumbukumbu ya kompyuta ilijaa na mfumo ukaanguka.

Bosi akanipiga begani, amefurahi. "Kesho tutarekebisha."

"Kesho sitakuja. Baba yangu amefariki."

"Lini?"

"Nimeambiwa sasa hivi, nikiwa hapa."

Akanitazama kidogo. "Pepani, achimwene," akasema kwa Kichewa, pole ndugu yangu. Akachukua funguo za gari, akanipeleka mwenyewe hadi Dzaleka.

Yaya nilimkuta kwenye cherehani, anamalizia sare ya shule. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa mkekani, wanaimba kwa sauti ya chini.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

Akanionyesha sahani ya nsima, ugali wa huku, iliyofunikwa. Nikala yote bila kusikia ladha. Mama mmoja akauliza Papa aliugua nini. Nikamwambia hatujui. Kwenda kumzika hatungeweza, sisi wakimbizi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Sare ilipokwisha, yaya aliikunja vizuri, akaja kuketi kando yangu, akaniegemea na kulia. Nilimshika mkono. Mlangoni kuku wa jirani walikuwa wanachakura, nikawa nawaangalia hao. Machozi yangu hayakuja, na mpaka leo hayajaja.