Radojka Awasha Mtambo

Kwa mkate, Radojka hakuwa na mpinzani kijijini. Kwa rakija, ile pombe kali ya plamu, alikuwa mgeni kabisa. Hiyo ilikuwa kazi ya marehemu mumewe, Obrad. Tangu azikwe, kila ilipofika sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, mjane alimimina ya dukani. Wageni waligusisha midomo kwa adabu, wakaweka glasi mezani. Afadhali wangemtukana.

Mwaka huo akaapa: mgeni wa sikukuu atakunywa niliyopika mwenyewe, la sivyo atakunywa maji.

Shemeji yake Tihomir, mdogo wa Obrad, alicheka hadi akakohoa.

"Shemeji, mtambo si sufuria ya maharage!"

"Na wewe si mtambo, mbona unatoa moshi kutwa? Zima sigara yako, unipishe."

Plamu zilikuwa zimeshachacha pipani. Asubuhi moja ya Oktoba akautoa ghalani mtambo wa shaba wa kukenekea pombe, akaujaza, akauvika kofia yake, kile kifuniko chenye bomba. Akakumbuka Obrad alikuwa akiziba maungio kwa unga uliokandwa. Moyo ukatulia. Unga! Nani wa kumfundisha yeye unga? Akaukanda kwa mahaba, akatia chumvi na, mazoea yana taabu, akatia hamira.

Moto ukakolea. Unga nao ukapata joto, ukaumuka. Ukatuna kuizunguka kofia yote, ukapasuka, mvuke ukafoka kila upande na ua mzima ukanukia plamu. Tihomir, aliyekuja makusudi kushuhudia aibu, akashika mbavu.

"Jamani njooni! Shemeji anaoka mtambo!"

Radojka alitamani ardhi immeze. Pipa lilikuwa hilo moja tu, na kila wingu lililopotea lilikuwa kinywaji cha mgeni wake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kulilia yaliyokwisha toka ni kupoteza yaliyobaki. Akavuta kuni nje, akaubandua mkate wake, akakanda unga mwingine kwa maji matupu, mgumu kama udongo, akaziba upya.

"Wewe, badala ya kucheka, chochea moto. Taratibu!"

Tihomir akachuchumaa, akachochea, huku akijifuta machozi.

Kesho yake, peke yake, Radojka aliyarudisha mtamboni yote yaliyotona jana, yapikwe mara ya pili, kama ilivyo ada. Matone ya mwanzo, ambayo hayanywewi, akayatenga ya kusugulia magoti. Kisha ukaja uzi mwembamba, safi. Akajaza chupa, akaitikisa. Shanga za povu zikajipanga shingoni mwa chupa, zikakaa zisipotee, dalili ya rakija iliyoiva. Akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Siku ya sikukuu mshumaa uliwaka, nyumba ikajaa. Akammiminia Tihomir. Tihomir akanusa. Akanywa funda moja, akafumba macho.

"Shemeji, usinichezee," akasema. "Hii ni ya kaka. Uliificha wapi miaka yote hii?"

Radojka alihisi furaha na kilio vikimpanda kwa pamoja.

"Ya kaka yako iliisha siku ya mazishi yake, na wewe ndiye uliyeimaliza," akamjibu. "Hii ni yangu. Kunywa."