Kioo cha Katikati

Nikinusa siki kwenye kachumbari, narudi kwenye chumba cha giza cha mama, mpiga picha wa Bwera, mji wa mpakani mwa Uganda na Kongo. Mvua zilikuwa zimeotesha ukungu ndani ya lenzi ya kukuzia picha. Aliifungua juu ya kitenge: vioo viwili vilivyotuna na katikati kimoja kilichobonyea. Akavifuta, akavirudisha.

Nje alingoja mzee aliyefiwa na mkewe. Picha ingebebwa mbele ya jeneza. Mama akaikuza, uso wa marehemu ukatoka umevurugika.

Mama akafungua tena. Kile cha katikati kilibonyea zaidi upande mmoja, naye alikuwa amekipachika kinyume. Akakigeuza. Safari hii lilijitokeza kwenye karatasi kovu la kidevuni, kisha tabasamu. Nikapumua. Karatasi ikaingia kwenye dawa inayonuka siki, ya kuzuia picha isizidi kuwa nyeusi.

Mzee aliipokea ikichuruzika maji.

"Ni yeye," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Ona, iko nanicheka."