Masikio ya Ok-bun

Ulikuwa mwaka wa thelathini na nne Ok-bun akipanda ngazi za jengo lile la ala za muziki, katikati ya Seoul, sinia ya chakula cha mchana kichwani. Duka la mumewe, fundi Tae-sik, lina upana wa mikono miwili na halina dirisha. Humo ndani mvua hujulikana kwa miavuli ya wateja.

Alipoolewa aliambiwa, vumilia miaka mitano tu, kisha tutahamia kwenu Yeosu, kando ya bahari. Mitano ikazaa mitano, nayo ikazaa wajukuu. Sasa nyumba ya marehemu mama yake kule Yeosu ilikuwa tupu, na ufunguo wake alikuwa akitembea nao mfukoni mwa aproni kila siku, kama mtu atakayeondoka saa hiyohiyo.

Tumaini lake lilikuwa moja. Tae-sik alirithi kwa bwana aliyemfunza kazi sharti ambalo jengo zima linalijua: kazi moja ikikushinda mara tatu, funga duka. Na amplifaya ya Deok-su, mpiga gitaa wa baa, ilikuwa imeshamshinda mara mbili.

"Inatatarika, kaka," Deok-su alikuwa akilalamika Ok-bun alipotua sinia. "Nikigusa noti za juu, kra kra kra! Watu wanadhani nimepanda jukwaani kukaanga samaki."

"Taa zake za kukuza sauti zote nimebadilisha. Labda gitaa limezeeka kama mwenyewe."

"Limezeeka, lakini halikaangi! Shemeji, mwambie mumeo leo ndiyo leo." Akashuka kuvuta sigara.

Tae-sik akaiwasha amplifaya ikiwa wazi, matumbo nje, taa zake za kioo zikiwaka rangi ya chungwa. Mkono wa kushoto akautia mfukoni, kama alivyofanya maisha yake yote. Mle ndani mna volti mia nne, na umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, hupitia moyoni. Kwa mkono wa kulia akawa anadonoa viungo vya lehemu kimoja kimoja kwa kijiti cha mbao. Kiungo kibovu kikiguswa hulia. Kazi ya fundi ni kusikiliza tu.

Kijiti kikagusa kiungo kilicho chini ya waya mwekundu. Kra!

Tae-sik akapita.

Akazunguka tena, akakigusa tena, kikalia tena, naye akapita tena. Kumbe ndivyo. Birika lilikuwa likipiga mluzi nyumbani miaka miwili hii mume ametulia tuli, na akiulizwa husema alikuwa anawaza. Ok-bun akauma mdomo. Nyamaza, mwanamke, alijiambia. Nyamaza tu, na mwezi ujao unaamka na bahari. Aliona aibu, lakini alinyamaza.

Kijiti kikavunjika. Tae-sik, macho yakiwa mle mle ndani, akapapasa kwenye sinia, akaokota kijiti cha kulia chakula. Cha chuma, kama vya kila nyumba pale.

"Baba Jeong-a!" Ok-bun alimpigia kelele mumewe.

Hakugeuka. Mkono ulikuwa unashuka. Ok-bun akamrukia na kumshika kifundo cha mkono.

"Una wazimu wewe?" Kisha Tae-sik akaona alichokuwa ameshika, akakaa chini. "Sisikii," alisema. "Nadonoa tu kama kuku."

"Najua."

"Basi. Deok-su akirudi nitamwambia. Tufunge, twende kwenu."

Maneno aliyoyangoja miaka thelathini na nne! Tae-sik akaanza kukusanya bisibisi zake, akiifuta kila moja kwa pindo la shati kabla ya kuilaza. Ok-bun alimwonea huruma hadi akakasirika. Ulimi nao hauna mfupa.

"Ni kile cha chini ya waya mwekundu."

"Umekisikia?"

"Mara mbili."

Tae-sik akazima, akasubiri umeme uishe, akayeyusha lehemu upya. Deok-su aliporudi akapiga noti za juu kabisa, na sauti ikatoka safi.

"Mama Jeong-a ana masikio ya mbwa!" Tae-sik alimtangazia kwa sauti, uso umemng'aa kama bwana harusi.

"Ah, basi shemeji, hapa mpo miaka kumi mingine!" Deok-su akacheka. "Kesho namleta mwenzangu, yake inanguruma."

Tae-sik alikuwa ameshavuta kigoda cha pili, amekipangusa vumbi, na kuteremsha mgonjwa mwingine kutoka rafuni. Akamkabidhi mkewe kijiti kipya cha mbao.

"Mkono wa kushoto mfukoni," alimwambia kwa upole, kama anayemfunza mwanafunzi siku ya kwanza.

Ok-bun akautia. Ukakutana na ufunguo wa Yeosu, akaufumbata.