Beki wa Barafuni na Ufa wa Ukuta wa Mama

Mzungu aliponiambia kwamba kabla ya kuja Kolwezi alikuwa akilipwa kucheza mpira juu ya barafu, nilimwitikia kwa adabu, na moyoni nikasema: mwongo huyu. Barafu tunaijua. Inakaa ndani ya friji la muuza bia, inatolewa kutiwa kwenye vinywaji vya arusi, basi. Mtu mzima mwenye pua iliyopinda na goti linalomchechemeza asinidanganye kwamba barafu ndiyo iliyomlisha.

Alikuwa mpangaji wetu. Nyumba yetu ya Dilala ni ya zamani, ya enzi za kampuni ya migodi. Marehemu baba aliitumikia kampuni hiyo mpaka akaachiwa nyumba, na hakuacha kitu kingine. Mama na mimi tunalala ndani. Nyuma kuna vyumba viwili vilivyojengwa kushikana na nyumba, vya watumishi wa zamani hizo. Kimoja, kinachopakana na chumba cha mama, alikaa mdogo wangu, kijana wa maneno matamu aliyeacha kuchimba mawe akaanza kuuza makala, yaani makaa ya kupikia. Cha pili, cha upande wa barabara, tulimpangisha yule mzungu, Mswidi aliyeletwa kuwafundisha madereva wa mgodini kuendesha mashine za kutoboa miamba. "Mugeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema.

Wasiwasi haukuchelewa. Alifunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe. Aliingiza mfuko mrefu na hakutaka mtu amsaidie kuubeba. Halafu akaleta mbao. Mtu wa Kolwezi haulizi mbao za nini: ni za kuzuia udongo usimwangukie mchimbaji. Hapa kwetu watu wamechimba chini ya vitanda vyao wakitafuta mawe meusi ya kobalti, wakafunika shimo kwa mkeka, wakapokea wageni juu yake. Nyumba zao zilipasuka, nyingine zikalala chini kabisa.

Na kila jioni, kabla giza halijaingia, nikiwa kwenye cherehani yangu barazani, nilisikia: ko! Kimya kidogo. Ko! Nikisimamisha mguu nisikilize vizuri, ko! tena.

"Yaya," mdogo wangu aliniambia, maana mimi ni dada yake mkubwa, "ule muzungu anachimba. Mi niliona mbao na macho yangu. Lakini usimuulize kitu, atakimbia atuachie shimo. Acha mi nimuchunge."

Nikamwachia amchunge. Basi ikifika jioni mdogo wangu anaaga, anaingia chumbani kwake kutega sikio ukutani, na mimi naendelea kushona.

Siku nilipoona ufa kwenye ukuta wa chumba cha mama, damu ilinichemka, nikasahau kuchunga. Nilimvuta mama mkono, tukazunguka nyuma, nikagonga mlango wa Mswidi huku mkasi bado uko mkononi. Alifungua akitoka jasho.

Shimo halikuwako. Mbao zilikuwa zimelazwa sakafuni, zimepakwa mshumaa mpaka zinateleza. Katikati amesimama yeye na gongo refu lililopinda mwishoni, na mbele yake kidude cheusi cha mpira, cha duara, kinene kama mkate mdogo. Kwenye ukuta wa barabarani alikuwa ametundika kipande cha tairi. Alikisukuma kile kidude kwa gongo: ko!

"Tata, ni hii tu?" mama aliuliza, akimwita baba kwa heshima.

"Ni hii tu, mama. Mikono inazoea. Nisipopiga, sipate usingizi." Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wake.

Akatuonyesha picha kwenye simu: yeye na kofia ngumu, sakafu nyeupe, umati umejaa. Ili tuamini zaidi akachomoa meno ya mbele, yote kwa mara moja, akayaweka kiganjani. Mama alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. "Rudisha, tata! Rudisha!"

Jioni ile alikunywa chai kwetu. Alisema alianza utotoni, kwenye ziwa la kijijini kwao linaloganda mpaka gari linapita juu. Timu ya mji ikamchukua, kisha timu kubwa, kisha akavuka bahari kutafuta kubwa zaidi, akakaa benchi, akarudi kwao bila kelele. Alikuwa beki. Magoli yake yote, alisema, yanaenea kwenye kikombe hiki. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kipa na kupigwa yeye badala ya wavu, na ndivyo meno yalivyokwenda, na goti baadaye.

"Ukitazama mpira, unapitwa," alisema. "Mi nilitazama kifua ya muntu. Mpira inadanganya. Kifua haidanganye."

Nilicheka pamoja nao, lakini shaka haikunitoka. Mtu wa kulipwa kupigwa! Kesho yake, alipokuwa kazini, niliingia na ufunguo wa akiba niliouomba kwa kisingizio cha usafi, nikainua mbao zote. Saruji nzima. Hata hilo halikuniridhisha, nikamwita auone ufa. Aliutazama muda mrefu, akapapasa chini, karibu na sakafu.

"Dada, mi napiga ukuta wa barabara," aliniambia. "Hii iko upande ingine."

Nilimjibu kwamba nyumba ni moja na inatikisika yote. Alileta saruji akauziba kwa mkono wake, na hata mwezi haukuisha ufa ukafunguka tena, mpana kuliko mwanzo.

Jumapili moja, tukitoka misani, alinikuta uani. "Mudogo yako anauza makala," alisema. "Magunia inaingia ao inatoka? Mi naona inatoka tu. Na ule wa pikipiki anaomba musaada kuinua. Makala iko nzito hivi?"

Hapo ndipo nilipomchukia kweli. Mgeni tumempa nyumba, anaanza kuhesabia makosa damu yetu! Nilimwambia makala ya Kasaji ni ya mti mgumu, na kwamba kwetu beki hamkabi mtu wa timu yake. Aliinama kidogo, akaenda zake. Tangu siku ile salamu zetu zilikuwa fupi.

Mkataba wake ulipokwisha alituaga kwamba ataondoka Jumamosi. Ijumaa mchana gari la kampuni likamjia ghafla, kumbe ndege imebadilishwa. Mdogo wangu hakuwako, alikuwa Tenke kwa biashara zake. Mswidi alimpa mama kile kidude cheusi, akanipa mkono, akapanda gari. Gari lilipokata kona nilishusha pumzi. Nilijiambia, sasa nyumba ya baba imepona.

Jioni mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, miguuni pangu, mimi nashona. Tulisikia lango la nyuma, mdogo wangu amerudi, ameingia kwake moja kwa moja.

Ko!

Mama aliinua uso. Kidude cha Mswidi kilikuwa dirishani, nakiona.

Ko!

"Muzungu anarudia?" mama aliuliza. Nilikuwa nimetazama mpira muda wote huo.

Nilizunguka nyuma, nikasukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Kitanda kimesukumwa pembeni, mkeka umekunjwa, na pale ulipokuwa mkeka pana shimo jeusi, mbao zimeshikilia kingo zake. Magunia yamepangwa ukutani, makala kiasi mdomoni, chini mawe. Nilipiga hatua kuelekea ukuta wa chumba cha mama, nikimwita mdogo wangu kwa jina alilopewa na baba, kwa hasira na kwa kilio.

Tochi ikawaka chini, uso wake ukatokea, mwekundu kwa vumbi. Hakukana. Alinitazama miguu.

"Yaya," alisema polepole, "rudi nyuma. Pale unasimama, chini hakuna kitu."